Wimbi la Japani na Kanga ya Bibi: Picha Tunazozijua, Watu Tusiowajua

Ile picha ya wimbi kubwa la bluu unaijua hata kama jina lake hulijui. Ipo kwenye fulana, kwenye makava ya simu, kwenye soksi za mtumba, na hata emoji ya wimbi kwenye iPhone imechorwa kwa kuifuatisha. Julai 2024 Japani ilipotoa noti mpya, wimbi hilohilo likawekwa upande wa nyuma wa noti ya yen 1,000. Mchoraji wake ni Katsushika Hokusai, mwaka ni kama 1831, na mlima mdogo unaoonekana kwa mbali ni Fuji.

Sasa iangalie tena, lakini achana na wimbi. Angalia chini. Kuna boti tatu nyembamba, na ndani yake wanaume wameinama, wameshikilia makasia, wamejikunyata kama watu wanaosubiri kipigo. Hizo ni boti za samaki. Zilitengenezwa kwa ajili ya mwendo kasi, na kazi yake ilikuwa kuwahisha samaki wabichi kwenye masoko ya Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo. Mchuuzi wa samaki pale Mwaloni Kirumba hahitaji profesa wa sanaa amweleze picha hii inahusu nini. Mzigo unaoza, ziwa limechafuka, na soko halimsubiri mtu.

Wale wapiga makasia hawana majina, ni sawa tu, ni watu wa kuchorwa. Lakini kuna kundi lingine lisilo na majina kwenye picha hiyo, nalo ni la watu wa kweli kabisa: walioitengeneza. Hokusai hakuchonga ile picha, wala hakuichapa. Na hapo ndipo stori inapoanza, stori ambayo ukiifuata vizuri inakuleta mpaka kwenye sanduku la nguo la bibi yako, iwe ni Igoma, Sengerema au Ukerewe.

Kazi ya watu wanne, sifa ya mtu mmoja

Picha za aina hii Wajapani waliziita ukiyo-e, yaani picha za ulimwengu unaoelea. Maana yake ni dunia ya starehe za mjini: waigizaji wa maigizo ya kabuki, warembo, wanamieleka wa sumo, safari, vichekesho, na mizimu ya kutisha. Kwa lugha ya leo, zilikuwa posta za mastaa. Edo ya karne ya 18 ilikuwa mji wa watu wapatao milioni moja, moja ya miji mikubwa kabisa duniani wakati huo, na watu wa kawaida walitaka kitu kizuri cha kubandika ukutani kwa bei wanayoiweza.

Ili picha moja itoke, walihitajika watu wanne. Wa kwanza ni bosi mwenye duka, anayetoa mtaji, anayeamua soko linataka nini na anayebeba hasara picha zikidoda. Wa pili ni mchoraji, anayechora kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Wa tatu ni mchongaji. Huyu alibandika mchoro ule juu ya kibao cha mti wa mcheri, uso ukiangalia chini, halafu akachonga mbao yote isiyo na mstari mpaka mistari peke yake ibaki imesimama. Ndiyo, mchoro wenyewe wa mchoraji uliharibika katika kazi hiyo. Wa nne ni mchapaji, aliyepaka rangi kwenye kibao, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa kifaa cha mviringo kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi.

Kuanzia mwaka 1765 picha za rangi nyingi zilipoanza kuuzwa madukani, kazi ikawa ngumu zaidi. Rangi mpya mara nyingi ilidai kibao chake. Kwa hiyo karatasi moja ilipita kwenye vibao kadhaa, na kila mara ilipaswa kukaa palepale, isihame hata unywele. Mafundi walichonga alama ndogo mbili kwenye kila kibao ili karatasi ikae kwenye mstari. Ukiona ncha za povu kwenye lile wimbi, zile kama kucha, ujue kuna mtu alikaa na patasi siku nzima akizunguka kila ukucha bila kuukata. Jina lake halipo.

Yaliyopo kwenye picha nyingi za zama zile ni haya: saini ya mchoraji, alama ya duka, na mhuri wa serikali, maana kuanzia mwaka 1790 picha zilikaguliwa kabla ya kuuzwa. Mchoraji, mfanyabiashara na serikali wote wana alama zao. Mchongaji na mchapaji, kwa sehemu kubwa, hawapo. Wachache walibahatika kuweka majina yao, lakini haikuwa kawaida.

Na hata mchoraji kuwa na jina hakukuhakikishia chochote. Mei 1794 alitokea mtu aliyejiita Toshusai Sharaku. Kwa muda wa miezi kumi hivi akatoa picha zaidi ya 140, nyingi zikiwa sura za waigizaji wa kabuki, na hakuwapaka mafuta: aliwachora na mapua yao, macho makengeza na midomo iliyopinda. Mwanzoni mwa 1795 akatoweka, na hakuna picha yake nyingine iliyotoka. Watafiti wengi wanaamini alikuwa mwigizaji wa maigizo ya Noh aliyeitwa Saito Jurobei, lakini mjadala haujaisha. Bosi aliyezichapa picha zake, Tsutaya Juzaburo, ndiye anayejulikana vizuri zaidi, kiasi kwamba mwaka 2025 shirika la utangazaji la NHK lilimtengenezea tamthilia ya mwaka mzima. Mwenye duka ana tamthilia, mwenye kalamu ni fumbo.

Sahani ya tambi na dola milioni 2.76

Picha hizi zilikuwa za bei ya chini sana. Wanahistoria hulinganisha bei ya picha moja na bakuli moja au mawili ya tambi za mtaani. Vibao vilichapa mpaka mistari ikalika. Watu walibandika picha kwenye kuta na milango, zikafifia, zikachanika, zikatupwa. Kuna simulizi maarufu kwamba baadhi zilifika Ulaya zikiwa karatasi za kufungia vyombo vya udongo visivunjike njiani. Iwe ndivyo au la, jambo lenyewe linaeleweka: nyumbani kwao hazikuhesabiwa kuwa hazina.

Wageni ndio walioanza kuzikusanya kwa fujo. Vincent van Gogh alikuwa na mamia ya picha hizo, na mwaka 1887 alinakili picha za Hiroshige kwa rangi za mafuta ili ajifunze. Machi 2023 karatasi moja ya lile wimbi la Hokusai iliuzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, kwa dola milioni 2.76. Karatasi iliyoanza kwa bei ya tambi!

Na ile bluu yenyewe, iliyoifanya picha ile iwe ile, asili yake si Japani. Ni rangi iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Ilianza kuingia Japani kupitia wafanyabiashara wa Kiholanzi pale Nagasaki, na baadaye ikashuka bei ilipoanza kuletwa kwa wingi kutoka China. Kwa hiyo picha inayoitwa ya Kijapani kuliko zote imepakwa rangi ya kigeni. Sanaa haijawahi kukaa nyumbani. Kumbuka Waholanzi hao, maana wanarudi sasa hivi.

Na sisi tulikuwa na ukiyo-e yetu

Fikiria kitu kinachochapwa kwa wingi, cha bei ya watu wa kawaida, chenye picha na maneno pamoja, kinachobadilika kila msimu, kinachobeba fumbo ambalo mlengwa anajua limemlenga yeye. Edo walikuwa na picha zao za vibao. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na kanga.

Kanga ilianza kupata sura tunayoijua katika nusu ya pili ya karne ya 19, Zanzibar na Mombasa. Wanawake wa mjini walinunua leso zilizouzwa kwa jora kabla ya kukatwa, wakachukua vipande vikubwa na kuviunga kuwa vazi moja. Jina leso lenyewe limetoka kwenye Kireno, na Mombasa bado wanalitumia. Jina kanga limetoka kwa yule ndege mwenye madoadoa meupe, kwa sababu nguo za mwanzo zilikuwa na madoa kama yake. Baadaye ikapata umbo ambalo halijabadilika mpaka leo: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina, yaani maneno, chini ya mji. Maneno yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kilatini.

Sasa, nani aliyezichapa? Wengi wanadhani kanga zilitengenezwa hapahapa tangu mwanzo. Hapana. Viwanda vya Uholanzi, walewale Waholanzi, vilikuwa vikichapa kanga kwa ajili ya soko la Zanzibar tangu karne ya 19, vikifuata maelekezo ya wafanyabiashara wa huku waliojua wanawake wanataka nini. Uingereza nao wakachapa, India wakachapa. Halafu akaja Mjapani.

Meli kutoka Osaka

Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha njia ya kudumu kuja Afrika Mashariki. Mwaka 1932 Japani ikafungua ubalozi mdogo Mombasa. Haikuwa utalii. Viwanda vya Japani vilihitaji pamba, na makampuni ya Kijapani yakawa miongoni mwa wanunuzi wa pamba ya Uganda. Meli zilizokuja kuchukua pamba hazikuja tupu. Zilileta nguo.

Na nguo zile zilikuwa za bei ya kutupa. Mwaka 1934 Waingereza waliweka viwango vya kuzuia nguo za Kijapani kwenye makoloni yao mengi ili kulinda viwanda vya Manchester. Lakini huku walikwama. Mkataba wa Berlin wa 1885, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ulioufuata, ulitaka eneo lililoitwa bonde la Kongo liwe soko huru kwa mataifa yote yaliyotia saini. Eneo hilo kwenye ramani ya wanadiplomasia lilinyooshwa mpaka Bahari ya Hindi, likameza Tanganyika, Kenya na Uganda. Japani ilikuwa imetia saini mwaka 1919. Basi, mlango ulikuwa wazi kisheria, na Mwingereza hakuwa na namna ya kuufunga.

Matokeo yake yana kichekesho ndani yake. Ile shuka nyeupe isiyopaushwa ambayo bibi na babu zetu waliiita merikani, kwa sababu tangu miaka ya 1830 ililetwa Zanzibar na meli za Wamarekani kutoka Salem, kufikia miaka ya 1930 ilikuwa inatoka Japani. Jina likabaki Merikani, mzigo ukawa wa Mjapani. Mtu wa kando ya Ziwa aliyevaa merikani mwaka 1935 alikuwa amevaa Osaka bila kujua.

Vita ya Pili ya Dunia ikakata kila kitu. Mwaka 1941 biashara na Japani ilisimama na nguo zikawa adimu. Lakini baada ya vita Wajapani walirudi, na safari hii walirudi na kanga na vitenge kwa nguvu zote. Katika miaka ya 1950 na 1960 kanga nyingi zilizovaliwa Dar es Salaam, Mombasa, Tabora na Mwanza zilichapwa Japani. Kampuni za biashara kama Nishizawa ya Osaka zilikusanya oda. Huku kwetu, wafanyabiashara wengi wao wakiwa wenye asili ya India walipeleka maelekezo: rangi fulani, pindo la namna fulani, maneno haya. Maarufu kuliko wote ni duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo kanga zake zina alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla.

Pamba ilifumwa huko, na kuchapwa kwenye viwanda vya eneo la Kyoto na Osaka. Kyoto si mji wa kubahatisha kwenye kazi hii. Kwa karne nyingi mafundi wake wamepaka nguo za kimono kwa kutumia karatasi ngumu zilizotobolewa maua na majani, rangi ikipita kwenye matundu tu. Ni mji wa watu wanaojua pindo ni nini, wanaojua rangi mbili zikikutana vibaya nguo imekufa. Watoto na wajukuu wa utamaduni huo, wakiwa sasa na mashine, wakapewa kazi ya kuchora korosho, mnazi na nanasi kwa ajili ya mwanamke ambaye hawajawahi kumwona, pamoja na maneno ya lugha ambayo wengi wao hawakuijua.

Hebu tulia hapo kidogo. Kuna mtu Kyoto, mwaka 1960 hivi, ameinama mezani anachora herufi moja moja za methali ya Kiswahili. Anazipima ziingie vizuri chini ya mji. Hajui kwamba sentensi ile itavaliwa na mke mkubwa kumpiga kijembe mke mdogo kisimani. Hajui kama ni dua au ni matusi ya chini chini. Anajua tu kwamba herufi ya kwanza isipishane na ya mwisho. Miezi michache baadaye kanga ile imeshapanda treni, imeshashushwa dukani, na mwanamke anaisoma kwa sauti huku wenzake wanacheka. Watu wawili wameshirikiana kutengeneza kitu kimoja chenye maana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujua jina la mwenzake.

Pamba inaondoka, nguo inarudi

Mwanza inakaa wapi kwenye hii stori? Inakaa mwanzo na mwisho wake.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo mzigo ulivuka Ziwa kwa meli mpaka Kisumu, ambako reli ya Uganda ilikuwa imefika tangu mwaka 1901, ukashuka Mombasa. Reli ilipokuja, Usukuma ukawa shamba la pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kikazalisha mbegu bora. Katika miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, walijipanga kwenye vyama vya ushirika ili wasiendelee kupunjwa kwenye mizani, na mwaka 1955 wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa moja ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika.

Marobota yaliondoka bandarini kwenda dunia nzima, na Japani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Pamba ikishaingia kwenye kinu cha kusokota nyuzi haina kabila wala kijiji, inachanganywa yote. Lakini mzunguko wenyewe ulikuwa huo: mama wa Kisukuma anachuma pamba, pamba inavuka bahari, na yeye mwenyewe anakwenda dukani kununua kanga iliyovuka bahari kurudi. Kwenye pindo la nguo kuna jina la mfanyabiashara. Jina la aliyelima halipo, la aliyechora halipo, la aliyechapa halipo.

Baada ya uhuru Serikali iliuona mzunguko huo na kutaka kuukata. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha Urafiki kikasimama Dar es Salaam kwa msaada wa China, na Mwanza ikapata kiwanda chake, Mwatex. Kwa mara ya kwanza pamba ya Kanda ya Ziwa iliweza kusokotwa, kufumwa na kuchapwa bila kuvuka bahari. Wapo wazee Mwanza leo ambao ujana wao wote ulipimwa kwa king'ora cha zamu ya Mwatex. Soko la kanga za Kijapani likapungua mwaka hadi mwaka.

Halafu miaka ya 1980 na 1990 ikaja na mambo yake: mitambo chakavu, umeme wa kubahatisha, soko huria, mitumba. Viwanda vingi vya nguo vikasimama, na Mwatex nacho kikanyamaza. Leo ukizunguka maduka ya nguo katikati ya jiji la Mwanza, kanga nyingi utakazokuta zimetoka India, pamoja na chache za viwanda vya ndani. Pamba bado inaondoka. Mzunguko umerudi pale pale, umebadilisha bandari tu.

Wajapani wao walijisahihisha

Hapa ndipo stori ya Japani inapotupita, na ni vizuri kuangalia walifanyaje.

Mwaka 1904 kijana mmoja aliyeitwa Yamamoto Kanae alitoa picha ndogo ya vibao inayoonyesha mvuvi amesimama. Si picha kubwa, lakini ilizua mtikisiko kwa sababu moja: aliichora mwenyewe, akaichonga mwenyewe, akaichapa mwenyewe. Kutoka hapo likakua kundi la wasanii waliosema kazi ni ya mtu mmoja na jina ni la mtu mmoja. Wengine waliendelea na mtindo wa zamani wa watu wanne, lakini swali la nani amefanya nini halikuweza kufichwa tena.

Ruka mpaka leo. Takashi Murakami, yule wa maua yanayocheka, aliyefanya mabegi na Louis Vuitton mwaka 2003, ana karakana yenye wasaidizi wengi kama ilivyokuwa Edo. Lakini nyuma ya michoro yake mikubwa huandikwa majina ya wasaidizi walioishughulikia. Na wewe unayeangalia anime usiku kwa bando la mwisho wa mwezi, zile dakika za mwishoni unazoziruka zina orodha ya majina: aliyechora mandhari, aliyepaka rangi, hata aliyechora picha za katikati tu ili mkono usogee. Ni kazi ngumu yenye malalamiko mengi ya malipo, hilo linajulikana. Lakini jina lipo. Mchongaji wa lile wimbi hakupata hata hilo.

Yayoi Kusama naye, mama wa madoadoa, aliyezaliwa mwaka 1929, amefunika malenge, vyumba na mabegi ya Louis Vuitton kwa madoa, na watu wanapanga foleni kupiga selfie. Ni madoa tu, jamani. Kanga ilipewa jina lake kwa sababu ya madoa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wanawake waliobuni kuunga leso zile, waliofanya Zanzibar yote iige, hakuna aliyeandika majina yao.

Na usiseme huku kwetu haiwezekani. Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi kwenye vipande vya hadibodi Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968 hivi na kufariki mwaka 1972. Miaka minne tu, lakini aliweka saini, na leo mtindo mzima una jina lake, ukipendwa sana Japani kwenyewe. Saini moja inaweza kubeba kizazi. Mchora kanga hajawahi kupewa pa kuiweka.

Kinachopotea

Mtu anaweza kuuliza, kwani jina linasaidia nini? Nguo imeshavaliwa, imeshachakaa.

Linasaidia hivi. Kitu kisicho na mwenyewe kinaigwa bila mtu kulalamika. Kanga ikivuma Dar leo, baada ya muda mfupi inatoka nakala yake kwa kitambaa chepesi zaidi, na aliyechora ile ya kwanza hana pa kusimama. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, inalinda kazi za sanaa ikiwemo michoro, lakini sheria inamlinda mtu anayeweza kusema hii ni yangu. Asiye na jina pembeni ya nguo anaanzia wapi?

La pili ni kumbukumbu. Makumbusho ya Uingereza, London, yana kanga kwenye hifadhi yake, na kule Japani wapo watafiti wanaokusanya na kuandika historia ya kanga zilizochapwa nchini kwao. Huku kwetu kanga ya mwaka 1962 imekuwa ya kubebea mtoto, ikashuka ikawa nepi, ikamaliza maisha kama tambara la deki. Hakuna ubaya, kanga ni ya kutumika. Lakini ndivyo zilivyokwisha picha za Hokusai, zikiwa ukutani kwenye moshi wa jikoni, mpaka wageni walipokuja kuzinunua kwa mafungu. Mwenye nyumba aligundua amekuwa na kitu siku ambayo hakikuwepo tena.

Kwa hiyo ukienda kwa bibi, usianze na swali la picha ya zamani ya familia. Mwombe afungue sanduku. Angalia ukingo wa kila kanga, palepale pembeni ambapo hakuna anayeangalia: kuna jina la kampuni, namba ya mchoro, wakati mwingine nchi. Soma maneno yake, muulize aliinunua lini, wapi, na ilikuwa inamsema nani. Piga picha mbele, ukingo, na maneno. Majibu ya bibi ni sehemu ya kazi hiyo ya sanaa, kwa sababu aliyeichora hakujua nusu ya maana yake. Nusu nyingine anayo yeye, na yeye hana nakala.

Kwenu iko kanga gani ya zamani kuliko zote? Iandike hapo chini: maneno yake, rangi zake, na kilichoandikwa ukingoni. Na kama yupo kwenye familia aliyewahi kufanya kazi idara ya kuchapa pale Mwatex, mtaje kazi yake aliyoifanya. Lile wimbi limefika kwenye noti ya benki na mchongaji wake bado hajulikani. Hawa wa kwetu wengine bado wako hai.